"Analia" au "Kinalia": Upatanisho wa Ngeli katika Kuisimulia Sinema ya Eraserhead

Mtu aliyekwisha kuitazama sinema ya Eraserhead, akaketi na wenzake ili awasimulie kwa Kiswahili yale aliyoyaona, hukwama mapema, wala si kwa uhaba wa maneno. Hukwama katika silabi moja. Atasema kwamba katika chumba kidogo, chenye dirisha linalotazamana na ukuta wa matofali, juu ya meza pana kitu kilichofungwa bandeji. Na kwamba usiku kucha kitu hicho… hapo ndipo ulimi unaposita. Analia? Kinalia? Linalia? Mwingereza hupita mahali hapo bila kujua kwamba amepita njia panda. Msemaji wa Kiswahili hawezi kupita bila kuchagua, na akichagua amekwisha kutoa hukumu juu ya jambo ambalo sinema yenyewe, kwa muda wa dakika 89, haikubali kulihukumu waziwazi.

Sinema hiyo ilitungwa na kuongozwa na David Lynch, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1946 katika jimbo la Montana na kufariki mwaka 2025. Alikuwa mchoraji kabla ya kuwa mtengenezaji wa sinema, na miaka aliyoishi katika mji wa Philadelphia, kati ya viwanda vilivyochakaa na mitaa iliyomtia hofu, ndiyo iliyompa mandhari ya kazi hii. Upigaji picha ulianza mwaka 1972 huko Beverly Hills, karibu na Los Angeles, katika mabanda ya farasi ya jumba la kitajiri lililokuwa likitumiwa na American Film Institute, ambako Lynch alikuwa mwanafunzi. Chuo kilimpa dola 10,000. Fedha zilipokwisha kazi ilisimama, ikaanza tena, ikasimama tena. Kwa muda Lynch alijikimu kwa kupeleka magazeti majumbani mwa watu. Jack Nance, aliyecheza nafasi ya Henry, alilazimika kuzitunza zile nywele zake zilizosimama wima kwa miaka. Pana mahali ambapo Henry anashika kitasa cha mlango wake, na anapoonekana akiingia chumbani ulikuwa umepita mwaka mmoja na nusu tangu kushikwa kwa kitasa hicho. Mtazamaji haoni mshono wo wote. Sinema ilionyeshwa mara ya kwanza Los Angeles mwezi wa Machi, 1977, kisha Lynch akaipunguza kwa dakika kama 20. Ben Barenholtz, mtu aliyekuwa na mazoea ya kuzipatia sinema ngeni watazamaji wake, akaipeleka New York kwenye jumba la Cinema Village, ikawa ikionyeshwa saa sita za usiku. Mwaka 2004 iliingizwa katika orodha ya Maktaba ya Bunge la Marekani ya sinema zinazostahili kuhifadhiwa.

Hadithi yake, ikivuliwa mapambo, ni fupi. Henry Spencer, fundi wa kupiga chapa aliye likizoni, anaalikwa chakula cha usiku nyumbani kwa wazazi wa Mary, msichana aliyekuwa rafiki yake. Huko mama wa msichana anamweleza kwamba hospitalini yupo mtoto, amezaliwa kabla ya wakati wake, na kwamba hawana budi kuoana wakamchukue. Mary anakatiza kwa kilio: madaktari wenyewe hawajawa na yakini kwamba ni mtoto. Wanahamia katika chumba cha Henry. Kile walichopewa hakina mikono wala miguu ionekanayo. Kiwiliwili chote kimezungushiwa bandeji, na shingo nyembamba imebeba kichwa kinyevu kama cha ndama aliyechunwa. Hakitaki kula, hakinyamazi. Mary anashindwa kustahimili, anarudi kwao. Henry anabaki peke yake, na katika upweke huo anaona mambo: mwanamke mwenye mashavu yaliyovimba anayeimba ndani ya chombo cha kupashia chumba joto, kichwa chake mwenyewe kimekatika, kimeokotwa na mtoto wa kiume na kupelekwa kiwandani, kikageuzwa vifutio vya kalamu za risasi, na humo ndimo lilimotoka jina la sinema. Mwishowe anachukua mkasi.

Msomaji mwangalifu amekwisha kuona kwamba muhtasari huu wenyewe umeteleza. Mama alipotamka neno "mtoto", vitenzi vilifuata "a-". Mary alipokana, sentensi iliyofuata ikaingia katika "ki-" na kukaa humo. Hapana aliyeamua iwe hivyo. Ndivyo lugha inavyomvuta msemaji, naye hugundua baadaye tu kwamba amekwisha kuchukua upande wa mmoja wa wazungumzaji.

Kanuni yenyewe ni maarufu, na imeelezwa kwa makini na E. O. Ashton katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1944. Jina la kiumbe chenye uhai, liwe na umbo la ngeli yo yote, hufuata upatanisho wa ngeli ya M-WA. Husemwa kipofu huyu amefika, kuku wangu amepotea, waziri ameondoka. Lakini nyumba ya kanuni hiyo ina mlango wa uani. Msemaji akitaka kuonyesha udogo, au kudunisha, au kuashiria kwamba kile anachokitaja kimetoka katika jamaa ya watu, huliacha jina lifuate umbo lake. Kitoto kinalia. Jitu limesimama mlangoni. Zimwi, hata katika methali inayojulikana na kila mtu, ni "likujualo", si "akujuaye", ijapokuwa methali yenyewe yalipa akili ya kumtambua jirani yake. Dude ni dude kwa sababu jina lake halijulikani, na kwa hiyo ni "lile" daima. Hata maiti ana mashaka yake: wako wasemao "maiti yule" na wako wasemao "maiti ile", na yamkini tofauti yao aghalabu haitokani na elimu, bali na ukaribu wa msemaji na aliyelala, ni vigumu mtu kutamka "ile" juu ya mamaye.

Katika mipaka hiyo ndimo alimo huyu, au kilimo hiki, cha Henry. Kiingereza kina ruhusa ya kumtaja mtoto mchanga kwa kiwakilishi kile kile kitumikacho kwa jiwe na meza, na mama mzazi asione kwamba ametukanwa. Kwa hiyo maneno ya Mary mezani, kwa Kiingereza, hayabadilishi cho chote katika sarufi ya mazungumzo: kabla yake kiwakilishi ni kimoja, na baada yake ni hicho hicho. Kwa Kiswahili maneno hayo ni kama mtu aliyehamisha samani zote za nyumba. Lakini haki ielezwe pia kwa upande wa pili. Mwingereza akichoka na kiwakilishi cha vitu, na akitaka kuonyesha huruma, hana budi kuchagua kati ya mwanamume na mwanamke. Na sinema haikusema popote kama mtoto huyo ni wa kiume au wa kike, wala haikumpa jina. Kiambishi "a-" humwingiza katika ubinadamu bila kumwuliza jambo hilo. Kwa hiyo Kiswahili hudai jibu moja mapema, na jibu jingine hakilidai kamwe.

Huenda ikadhaniwa kwamba suala hili ni mchezo wa wanasarufi. Sivyo. Afrika Mashariki ina mafundi ambao kazi yao ilikuwa, na kwa wengine bado ni, kusimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili huku picha ikiendelea, kama alivyofanya Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, katika Tanzania, na kama afanyavyo DJ Afro katika Kenya. Msimulizi wa namna hiyo hana nafasi ya kuandika tanbihi. Picha ikionekana, kitenzi kinatakiwa. Aghalabu sinema zao ni za mapigano au za mapenzi, ambamo adui ni adui na mpenzi ni mpenzi. Akiwekewa Eraserhead, kila pumzi itamtoza hukumu. Tena hiyo si ngumu kupita zote. Mwaka 1989 E. Elias Merhige alitoa Begotten, sinema ambayo hapana mtu anayesema neno lo lote ndani yake, na picha zake zilipigwa upya moja moja hata zikabaki kama madoa ya wino na chokaa. Humo mtazamaji huona mwili ukijikatakata, mwingine ukitoka katika huo, wa tatu ukiburutwa kwa kamba, na hawajui ni nani mpaka maandishi ya mwisho yamwambie kwamba wa kwanza alikuwa Mungu akijiua na wa pili Mama Dunia. Msimulizi wa Begotten angalisema "kitu" kwa zaidi ya saa nzima, kisha akapaswa kuomba radhi. Lynch ni mpole zaidi: aliwaacha watu wake waseme, japo kidogo, na kidogo hicho kitafaa baadaye.

Kabla ya kufika hapo yafaa kusikiliza sauti za sinema hii, kwa maana ndizo zimtesazo mtazamaji kuliko picha. Lynch na fundi wake wa sauti, Alan Splet, walijaza kila dakika mvumo: mitambo isiyoonekana, mvuke upitao katika mabomba, upepo wa mahali pasipo na miti. Karibu hakuna kimya. Kilio cha mtoto hakitokei juu ya kimya, bali hutokea ndani ya mvumo huo na kurudi humo, hata mtazamaji hajui tena kipi kilianza. Hapa Kiswahili kina bahati. Kitenzi "kulia" kimebeba yote mawili tangu zamani: kengele hulia, bunduki hulia, tumbo hulia, mlango usiotiwa mafuta hulia, na mtoto hulia. Kile ambacho Splet na Lynch walikifanya kwa kazi ndefu ya mikono, mzizi wa kitenzi kimoja ulikuwa umekwisha kukifanya. Lakini papo hapo viambishi huja kutenganisha kilichounganishwa na mzizi. Bomba linalia, mashine inalia, analia, kinalia. Msimulizi hodari angeweza kuutumia mvutano huu: kuvipanga vitenzi hivyo vifuatane haraka, kiambishi kikibadilika na mzizi ukibaki, na wasikilizaji wake wangesikia kwa masikio yao jambo lile lile ambalo watazamaji wa Cinema Village walilisikia usiku ule.

Rangi nazo zina neno la kusema. Sinema kama hizi huitwa "nyeusi na nyeupe", jina lisilo sahihi sana, kwa kuwa sehemu kubwa ya kinachoonekana ni kijivu, yaani rangi iliyokopa jina lake kwa jivu. Kama ijulikanavyo, sifa za rangi zenye mizizi yake wenyewe katika Kiswahili ni tatu tu, -eusi, -eupe na -ekundu. Nyingine zote zimeazimwa kwa vitu au kwa lugha za kigeni. Katika sinema hii mbili zimebaki na ya tatu imeondolewa, na kuondolewa huko si kwa bahati. Mezani kwa wazazi wa Mary, Henry anaombwa akate kuku, vijikuku vidogo visivyozidi ngumi, ambavyo baba wa nyumba anajivunia kwamba vimetengenezwa na watu. Anapochoma kisu, vijiguu vinaanza kupiga hewani, na majimaji meusi yanatoka. Je, ni damu? Kama ingalikuwa nyekundu, hapana ambaye angaliuliza, na kuku wangalikuwa wamepata uhai wao, na pamoja nao upatanisho wao. Kwa kuwa ni nyeusi, msimulizi hulazimika kusema "majimaji", neno la bomba na la kidonda kwa pamoja. Vivyo hivyo katika dakika za mwisho, kinachotoka chini ya bandeji hakina rangi ya kukipa jina. Na kwa Waswahili damu ni jina la ujamaa pia. Mtu asiyeweza kusema "damu" hawezi kusema "damu yangu".

Neno "sinema ya kutisha" halikutoshi hapa, ingawa ndilo litumiwalo. Kutisha huhitaji kitu kijacho: mtu afuatwe, mlango usukumwe, kivuli kitangulie mwenyewe. Katika Eraserhead hapana anayemfukuza mwenziwe. Jambo la kuogofya limekwisha kuwasili, limewekwa mezani, lahitaji kulishwa. Anachopata mtazamaji ni mchanganyiko wa kinyaa na lile neno zuri linalosahauliwa, jakamoyo. Na pengine huzuni, kwa wale waliokwisha kukesha na mtoto mgonjwa.

Basi turudi kwenye silabi ile, maana sinema yenyewe, ikitazamwa kwa macho ya mwanasarufi, haikumwacha msimulizi bila msaada. Mama wa Mary husema "mtoto". Lakini yeye ana sababu zake, anataka ndoa. Mary hukana, lakini naye ana sababu zake, na usiku anapokipigia kelele kinyamaze anasema nacho kama mtu asemavyo na mwenzake, na hivyo anajipinga mwenyewe. Henry ndiye asiyesema kitu. Hutazama. Kwa muda mrefu ni haki msimulizi atumie "ki-", maana kiambishi hicho ndicho kiyafuatacho macho ya Henry, ambayo hayana chuki wala upendo, yana mshangao tu.

Kisha inafika saa ya kipimajoto. Henry anaweka kipimajoto kinywani, anakitoa, anakisoma, anaona hali ni ya kawaida. Anageuka kutazama tena, na uso wote umejaa vidonda, pumzi zinakoroma. Hapo Henry anasema. Maneno yake ni machache, ya mtu aliyeshtuka, nayo hayakuelekezwa kwa mwingine ye yote chumbani, kwa kuwa hayupo: anamwambia mgonjwa kwamba kweli ni mgonjwa. Anatumia nafsi ya pili.

Nafsi ya pili haina ngeli. Kiswahili, ambacho hupanga ulimwengu mzima katika mafungu na kukipa kila fungu kiambishi chake, hakina "wewe" ya vitu. Mtu aweza kusema na mwezi au na moyo wake, na washairi hufanya hivyo. Lakini akifanya hivyo ameupandisha mwezi daraja, kila msikilizaji anajua. Henry si mshairi. Alisema "wewe" kwa sababu aliona maumivu, na maumivu yalimtangulia kabla hajapata nafasi ya kuchagua. Tangu hapo anaweka chombo cha mvuke karibu, anakaa kitandani akilinda; anajaribu kutoka chumbani, kilio kinaanza, anarudi; anajaribu tena, anarudi tena. Msimulizi anayeendelea na "ki-" baada ya saa hii hasemi tena alichokiona Henry. Anasema alichotamani Henry kukiona.

Nacho ndicho kiini cha mambo, kwa sababu baadaye Henry atatamani sana. Jirani yake mrembo wa chumba cha pili, aliyelala kwake usiku mmoja, anaonekana na mwanamume mwingine. Kutoka mezani kinasikika kicheko. Henry anachukua mkasi, anakata bandeji toka chini kwenda juu, taratibu, kama mtu afunguaye kifurushi. Bandeji zikiachana inaonekana kwamba hapakuwa na ngozi: zilikuwa ndizo zilizozuia viungo vya ndani visimwagike. Kinywa kinahema. Henry anachoma.

Katika Kiingereza kitenzi hicho na kiwakilishi chake vinaweza kusimama kama vilivyosimama tangu mwanzo, na wachambuzi wengi wamekisimulia kisa hiki hivyo hivyo, wakazungumza juu ya hofu ya ubaba, juu ya Philadelphia, juu ya ndoto. Lynch mwenyewe hakukubali kamwe kueleza maana, wala kufichua jinsi kilivyotengenezwa kile kilichowekwa mezani. Kwa Kiswahili pana maumbo mawili tu. "Alikiua" ni kauli ya mtu aliyekanyaga mdudu, na katika umbo hilo sinema ni ndoto mbaya iliyokwisha salama, kwa maana baada yake nuru nyeupe hujaa na yule mwanamke wa mashavu humkumbatia Henry. "Alimwua" ni kauli ya baraza la hukumu. Msimulizi aliyetafsiri maneno ya Henry kwa haki, akasema "unaumwa" pale yalipotakiwa kusemwa, amejifungia mlango wa kauli ya kwanza. Wasikilizaji wake wamekwisha kusikia nafsi, nao watamwuliza amekwenda wapi.

Linabaki jambo dogo la ile picha inayofuata. Taa zinawaka na kuzima, cheche zinaruka ukutani, na kichwa kinaonekana tena, sasa kikubwa kupita Henry, kikielea gizani na kumtazama. Hapo, bila ubishi, kiambishi ni "li-": limekuwa jitu, linamtazama. Ni yule yule, na msimulizi atalazimika kutamka yote mawili katika pumzi moja, kwamba alimwua, nalo likamtazama.